Kalebu Aliomba Mlima: Kuutunza Mwili Baada ya Miaka Arobaini

SOMO LA WIKI

Andiko la msingi: Yoshua 14:6-12
Mengine ya kusoma: 1 Wakorintho 6:19-20, 1 Wakorintho 9:24-27, 1 Timotheo 4:8, 1 Wafalme 19:3-8
Lengo: Kila mshirika aliyefikisha miaka arobaini, au anayeikaribia, aanze wiki hii jambo moja dogo la kuutunza mwili aliopewa na Mungu, na asilianze peke yake.



Miezi miwili iliyopita, baada ya ibada, mama mmoja ambaye ni mshirika wetu wa miaka mingi aliniita kando. Akasema, "Pasta, nataka ujue kwa nini siku hizi siombi nikiwa nimepiga magoti. Si kiburi. Nikishuka chini, kuinuka ni mpaka niite mtu." Ana miaka 54. Alikuwa anacheka akisema hivyo, lakini macho yake hayakuwa yanacheka.

Ijumaa iliyofuata, kwenye kesha, nikaangalia kanisa kwa macho mengine. Nikaona wababa wanaosimama wimbo mmoja wa sifa, wa pili wanatafuta kiti. Nikaona wamama wanaopanda ngazi za mlangoni kwa kushikilia ukuta. Watu wa miaka 45, 50, 55. Watu wenye neno, wenye maombi, wenye upako. Mwili ndio umewaacha nyuma.

Sasa, baba zangu na mama zangu, mniwie radhi. Mimi ni mdogo kwa wengi wenu, nina miaka 38. Kwa desturi zetu kijana hamwambii mzee kwamba amenenepa. Kwa hivyo nitaanza na mimi mwenyewe na na nyumba ya baba yangu, halafu wewe ujipime.

1. Kalebu hakuomba kiti

Fungua Yoshua 14. Kalebu mwana wa Yefune anasimama mbele ya Yoshua na kutoa hesabu ya maisha yake. Alipotumwa kuipeleleza nchi kutoka Kadesh-barnea alikuwa na miaka 40. Sasa ana 85. Anamwambia Yoshua kwamba nguvu aliyokuwa nayo siku ile bado anayo, ya kwenda vitani na ya kurudi. Kisha anaomba urithi wake. Haombi tambarare. Anaomba mlima, na tena ule wenye Waanaki na miji yenye ngome.

Angalia mambo mawili hapo. La kwanza, mstari wa 10, Kalebu anasema ni Bwana aliyemweka hai. Hajisifu. La pili, kati ya 40 na 85 Kalebu hakukaa. Miaka mingi alikuwa jangwani kwa miguu, akibeba hema, akichota maji. Halafu ikaja vita. Neema ilimweka hai, na miguu yake ilifanya kazi ndani ya neema hiyo. Hivi viwili havishindani.

Sisi wa Embu tunaujua mlima. Asubuhi mawingu yakiondoka tunauona Mlima Kenya pale juu, mita 5,199. Swali langu ni hili: ukifika 85, Mungu akikuuliza unataka nini, utaomba mlima, au utaomba kiti? Jibu halitatengenezwa ukiwa na 85. Linatengenezwa sasa, ukiwa na 45, jikoni kwako na njiani ukienda sokoni.

Kumbuka pia Kalebu alitaka nguvu kwa sababu gani. Alikuwa na ahadi ya kumiliki. Hatupunguzi kilo ili tupendeze kwenye picha za harusi au tushindane na vijana. Tunataka kubaki na nguvu ya kuifanya kazi tuliyopewa: kulea, kuomba, kutembelea wagonjwa, kubeba wajukuu.

2. Kitambi cha baba yangu

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Tukiwa watoto tuliona fahari juu ya kitambi chake. Kijijini kilimaanisha mzee amefanikiwa, watoto wanakula. Akipungua kidogo watu wanauliza kama ni mgonjwa, au kama mama hampikii. Wengi wenu mmelelewa na maneno hayo hayo.

Alipimwa akapatikana na presha. Akapewa vidonge, akawa anameza akikumbuka. Miaka ikapita. Siku moja tukaenda pamoja kwenye mkutano wa maombi, akaombewa, akatoka na furaha, akasema amepona na dawa hazihitaji tena. Mimi nilikuwa nimeketi kando yake. Nilikuwa nimeshaanza kuhudumu. Nilisema amina. Sikumuuliza, "Baba, umerudi kupimwa?" Swali moja tu, na sikuliuliza.

Baada ya miezi mitano alipata kiharusi. Upande wa kulia ukafa. Aliishi miaka miwili akilishwa na mama, akazikwa akiwa na miaka 59.

Wapendwa, mimi naamini Mungu anaponya. Nimeona kwa macho yangu na nitaendelea kuwaombea wagonjwa. Lakini uponyaji wa kweli hauogopi kipimo. Yesu mwenyewe aliwaambia wale wenye ukoma waende wakajionyeshe kwa kuhani (Luka 17:14). Ukiamini umepona, nenda ukapimwe, na daktari ndiye atakayekuambia dawa ipunguzwe au iachwe. Naandika hili somo kwa sababu ya ile amina niliyoisema.

3. Hesabu za mwili wangu

Unafikiri baada ya kumzika baba nilijifunza? Hapana. Niliendelea vile vile. Mwaka juzi kulikuwa na siku ya kupimwa bure hapa mjini, nikaenda ili niwe mfano kwa washirika. Nikawekewa mashine. Presha 148 juu ya 95. Kawaida, ikifika 140 juu ya 90 na kubaki hivyo kila ukipimwa, hiyo inahesabiwa ni presha ya juu. Uzito kilo 94. Urefu wangu ni mita 1.72.

Kuna hesabu rahisi ambayo kila mtu anaweza kufanya kwa simu. Chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wako kwa mita, halafu gawanya tena kwa urefu huo huo. Jibu likiwa 25 au zaidi, uzito umezidi. Likiwa 30 au zaidi, huo ni unene unaohitaji kushughulikiwa. Langu lilikuwa karibu 32. Siku hiyo nilikuwa na miaka 37. Nikakumbuka kwamba Eliud Kipchoge akiwa na miaka hiyo hiyo alikimbia marathoni ya Berlin mwaka wa 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Mimi nilikuwa nahema kwa kupanda madhabahuni.

Wengi mnajua nilisomea biashara chuo kikuu. Kwenye biashara, ukipata hasara, haulaumu shetani kwanza. Unafungua vitabu. Nikafungua vyangu. Nilipomaliza chuo nikiwa na miaka 22 nilikuwa na kilo 70. Kwa miaka 15 nimeongeza kilo 24. Ukigawanya kwa siku, ni gramu 4 na kitu kwa siku. Huo ni karibu uzito wa kijiko kimoja cha chai cha sukari. Hakuna siku niliyolala mwembamba nikaamka mnene. Nilijenga mwili huo kijiko kwa kijiko, na mahesabu yalikuwa yanaandikwa hata nikiwa siyaangalii.

Halafu nikaandika ninachokunywa. Chai vikombe vitano kwa siku, maana ukiwa pasta kila nyumba unayotembelea unapewa chai, na kukataa ni matusi. Kila kikombe vijiko vitatu. Hiyo ni 15. Soda moja ya mililita 300 ina sukari karibu vijiko 8. Jumla 23, kama gramu 92. Kwa wiki ni zaidi ya nusu kilo. Kwa mwaka ni karibu kilo 34 za sukari, zaidi ya theluthi ya gunia la kilo 90, na nilikuwa nameza peke yangu. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa ingefaa isizidi kama vijiko 6 kwa siku.

Ndugu, watu wa nje hutafuna muguka na soda. Sisi tuliookoka tuliacha muguka, tukabaki na soda.

4. "Pasta, ni umri tu"

Hili nimelisikia sana, na nililisema pia. Ati ukifika 40 mwili unapoa na chakula hakichomeki tena. Mwaka wa 2021 watafiti walichapisha kazi kubwa katika jarida la Science. Walikuwa wamepima watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia mtoto wa siku 8 hadi mzee wa miaka 95. Walipata kwamba kati ya miaka 20 na 60, ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi ya nguvu hayabadiliki sana. Kushuka kunaanza baada ya 60. Kwa hivyo mtu wa 45 asikimbilie kulaumu umri.

Kinachobadilika ni nini basi? La kwanza, misuli. Kuanzia kama miaka 30, mtu asiyeitumia hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli kila miaka kumi. La pili, maisha yenyewe. Ukiwa na 20 ulitembea kwenda shule, ulilima, ulichota maji mtoni. Ukiwa na 45 una duka, una ofisi, una namba ya mtu wa boda. La tatu ni la akina mama: wakati hedhi inakaribia kukoma, mafuta huhamia tumboni zaidi. Hiyo si uvivu na mtu asikucheke. Lakini pia si hukumu ya mwisho.

Tusifikiri hili ni la wachache. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba Kenya nzima, katika wanawake wa miaka 15 hadi 49, theluthi moja walikuwa na uzito uliozidi. Nchi inayosifika duniani kwa wakimbiaji.

Jambo lingine ambalo lilinishangaza linatoka kwa majirani zetu Tanzania. Wahadza, wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, bado wanawinda na kukusanya chakula porini. Wanaume hutembea karibu kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Watafiti walipima nguvu wanayotumia kwa siku na kuchapisha matokeo mwaka wa 2012. Ukizingatia ukubwa wa mwili, walikuwa wanatumia karibu sawa na mtu wa Marekani anayekaa ofisini! Mwili una namna yake ya kubana matumizi.

Maana yake kwetu ni kwamba mazoezi peke yake hayatamaliza kitambi. Nusu saa ya kutembea kwa mtu wa uzito niliokuwa nao huchoma kama kalori 150 hadi 200. Chapati moja kubwa yenye mafuta inarudisha hizo zote. Uzito hupungua zaidi mezani. Mazoezi yanalinda moyo, misuli, sukari, usingizi, na yanasaidia kilo zilizoondoka zisirudi. Unahitaji yote mawili, lakini usitembee hadi sokoni halafu ujizawadie soda.

Mtu ataniambia, "Lakini Paulo alimwandikia Timotheo kwamba kuuzoeza mwili kunafaa kidogo." Ni kweli, 1 Timotheo 4:8. Utauwa unafaa zaidi, maana una ahadi ya maisha haya na ya yale yajayo. Lakini Paulo aliandika kwa watu waliotembea kwa miguu kutoka mji hadi mji. Na mfanyabiashara gani anatupa faida kwa sababu ni kidogo?

5. Tuanze wapi

Habari njema ni kwamba huhitaji kurudia uzito wa siku ya harusi yako. Marekani walifanya utafiti kwa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa wanaelekea kupata kisukari. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 51. Kundi moja liliongozwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Matokeo yalitoka mwaka wa 2002: katika kundi hilo hatari ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58, zaidi ya wale waliopewa dawa. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na kidogo. Hiyo inawezekana hapa Dallas bila kununua chochote.

(a) Jua namba zako. Uzito, kiuno, presha, sukari. Wale wahudumu wa afya ya jamii wanaobeba mkoba mgongoni walipewa vifaa na serikali mwaka wa 2023, na ndani kuna mashine ya presha na ya sukari. Mtafute wa mtaa wako. Kama huwezi, nenda kituo cha afya kilicho karibu. Andika tarehe na namba kwenye daftari. Kama una maumivu ya kifua, kizunguzungu, au unatumia dawa, ongea na daktari kabla ya kuanza mazoezi.

(b) Anza na kikombe. Mimi nilitoka vijiko vitatu nikaenda viwili kwa wiki mbili, halafu kimoja, halafu nikaacha. Wiki ya kwanza chai ilikuwa kama maji ya mvua. Sasa nikipewa ya sukari siwezi kumaliza. Soda nimeiacha iwe ya sherehe, na hata hapo ni nusu.

(c) Panga sahani. Nusu ya sahani iwe mboga: sukuma, kabeji, terere, managu. Robo iwe maharagwe, ndengu, yai, samaki au nyama. Robo iliyobaki iwe ugali, wali, au chapati moja. Chakula chetu cha nyumbani si adui. Githeri yenye maharagwe mengi na mboga ndani ni chakula kizuri sana, na nduma au kiazi kitamu cha kuchemsha asubuhi kinashinda mandazi. Tatizo ni mlima tunaopakua, mafuta tunayomwaga, na kurudia sahani ya pili kwa sababu tu sufuria bado ina kitu.

(d) Tumia miguu. Dakika 150 kwa wiki ni nusu saa kwa siku tano. Tembea kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Safari za karibu unazopanda boda kila siku, tembea moja yazo. Ukianza na dakika kumi, hiyo pia imehesabiwa.

(e) Rudisha misuli. Siku mbili kwa wiki fanya kazi ya nguvu. Kaa kitini, inuka bila kushika, mara tano, pumzika, rudia. Sukuma ukuta kwa mikono. Beba jerikeni ya lita tano kila mkono, zunguka ploti. Shika jembe wewe mwenyewe badala ya kuita kibarua. Kwa wenye magoti mabaya nina neno la kuwatia moyo: watafiti waliopima watu wanene wenye magoti yaliyochakaa waliona kwamba kila kilo moja inayotoka mwilini huliondolea goti mzigo wa karibu kilo nne kwa kila hatua. Ukitoa kilo tano, goti limesikia ishirini.

(f) Lala. Soma 1 Wafalme 19. Eliya alikuwa amechoka mpaka anaomba afe. Malaika hakumletea mahubiri kwanza. Alimwacha alale, akampa chakula na maji, akalala tena, akapewa tena. Ndipo akapata nguvu ya kutembea siku arobaini kuufikia mlima wa Mungu. Mtu asiyelala vizuri huwa na njaa zaidi kesho yake. Ukitoka kesha, lala. Usipitie kwanza chai na mkate nusu.

6. Kufunga si njia ya kupunguza kitambi

Hapa niseme wazi. Tunafunga ili tumtafute Mungu. Ukifunga ili suruali ifunge, hiyo ni kitu kingine na usiiite maombi. Tena wengi wetu tunafunga mchana kutwa, halafu jioni tunafungua kwa sahani mbili, chapati tatu na chai ya vijiko vinne. Mwili unapata zaidi ya siku ya kawaida. Fungua kwa maji, uji mwepesi au tunda, kisha chakula cha kiasi.

Na wewe unayetumia dawa za sukari au sindano ya insulini: usifunge kabla ya kuongea na daktari wako. Sukari inaweza kushuka ghafla ukaanguka. Mama mjamzito au anayenyonyesha, vile vile. Mungu hatakuhesabia dhambi. Zipo namna nyingine za kujinyima: simu, runinga, maneno.

Tena tuwe waangalifu na wale wanaouza chai za kupunguza tumbo kwa siku saba. Ukiona ahadi ya kilo kumi kwa wiki moja, uliza kama ungewekeza pesa zako kwa mtu anayekuahidi faida ya namna hiyo. Kilichoingia kwa miaka 15 hakitoki kwa wiki moja.

7. Tuwe wawili wawili

Kwangu imechukua miezi 14. Nimetoka kilo 94 hadi 83. Ukigawanya kwa siku ni gramu 26. Kuna mwezi niliopunguza kilo mbili, na kuna Desemba moja niliyorudisha mbili na nusu, maana nilikuwa na harusi nne. Bado hesabu yangu ni 28, yaani bado nimezidi. Lakini kipimo cha mwisho presha ilikuwa 126 juu ya 82, na daktari amesema tuendelee hivi bila dawa kwa sasa, mradi nirudi kila baada ya miezi mitatu. Narudi. Siwezi kukosa.

Nisingefika peke yangu. Mke wangu alibadilisha jiko, na ndugu mmoja wa ushirika wa wababa alinigongea mlango saa kumi na mbili asubuhi hata siku nilizojifanya nimelala. Haba na haba hujaza kibaba, lakini pia kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hivyo kanisa pia lina sehemu yake. Mara nyingi ni sisi tunaowanenepesha watu wa Mungu: chai ya baada ya ibada, ya mkutano wa kamati, ya kesha, ya matanga. Nashukuru akina mama wa jikoni wamekubali. Kuanzia mwezi ujao chai ya kanisa itapikwa bila sukari, na sukari itawekwa mezani kila mtu ajitilie. Mandazi yatakuwa na ndizi na viazi vitamu kando. Na kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi tutakutana mlangoni pa kanisa, tutembee nusu saa tukiuombea mtaa wetu wa Dallas, nyumba kwa nyumba. Njoo na viatu vyovyote. Wenye mwendo wa polepole ndio watatangulia mbele, sisi wengine tutawafuata.

Tafadhali, katika haya yote asichekwe mtu. Kuna mwembamba mwenye presha na kuna mnene mwenye moyo mzima. Kuna walionenepa kwa sababu ya dawa au ugonjwa. Hakuna atakayepimwa uzito mbele ya watu, na kilo si kipimo cha wokovu. Ukiona mwenzako amepungua usimuulize kama anaumwa. Muulize anahitaji mtu wa kutembea naye.

Yule mama wa magoti? Ijumaa iliyopita bado aliomba akiwa ameketi. Lakini baada ya maombi aliniita tena kando, akaniambia nitazame. Akainuka kitini mara tano bila kushika chochote. Mara ya tano alihema, akaketi, akasema, "Pasta, mlima wangu mimi ni hii sakafu." Tunaukwea pamoja naye.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya nyumbani

1. Kalebu alikuwa na kazi gani iliyomfanya atake kubaki na nguvu? Wewe una kazi gani ambayo Mungu bado hajakumaliza nayo?
2. Ukihesabu vijiko vya sukari unavyokunywa kwa siku moja, unapata ngapi? Hesabu pia soda.
3. Je, kuna mtu nyumbani kwako aliyeacha dawa bila kupimwa tena? Utamwambia nini wiki hii, na kwa heshima gani?
4. Chagua jambo moja kutoka (a) hadi (f). Mwambie mtu mmoja katika kikundi, na umpe ruhusa ya kukuuliza Jumapili ijayo.

Ombi

Baba, asante kwa mwili huu ulionipa, ambao Roho wako amekubali kukaa ndani yake. Nisamehe pale nilipoutumia kama mali yangu. Nipe kiasi mezani, nipe bidii asubuhi, nipe unyenyekevu wa kupimwa. Waguse wagonjwa wetu, na uwape hekima madaktari na wauguzi wanaowahudumia. Niweke hai kama ulivyomweka Kalebu, na siku utakaponionyesha mlima wangu, unikute nikiwa bado naweza kutembea. Kwa jina la Yesu, amina.